NISHANI YA MLALI NA MASHUJAA WASIO NA MAJINA

Labda katika kijiji chako yuko mzee aliyepigana vita. Labda ana nishani ndani ya sanduku lake. Nishani ni kipande kidogo cha madini ambacho huvaliwa kifuani. Serikali humpa mtu nishani ili watu wote wajue kwamba alitenda jambo kubwa.

Katika somo hili utasoma habari za nishani moja kubwa iliyopatikana karibu na kwetu. Tena utasoma habari za watu ambao hawakuipata.

1. Msalaba wa Victoria

Nishani kubwa kuliko zote katika jeshi la Uingereza huitwa Msalaba wa Victoria. Ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Haikutengenezwa kwa dhahabu wala fedha. Ni shaba nyeusi tu, na utepe wake ni mwekundu. Thamani yake haitokani na madini. Inatokana na tendo la mtu.

Sheria ya nishani hiyo ilisema kwamba cheo hakitazamwi. Miaka ya utumishi haitazamwi. Kinachotazamwa ni ushujaa mbele ya adui.

2. Vita vinafika Kilosa

Zamani Wajerumani walitawala nchi yetu. Mwaka 1914 vita vilianza kati yao na Waingereza. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yalifika katika sehemu zetu. Tarehe 22 Agosti yaliingia Kilosa. Tarehe 26 Agosti yaliingia Morogoro. Kikosi kilichochukua Kilosa kiliendelea kusini, upande wa Mikumi, mpaka Kidodi.

Kati ya siku hizo mbili palikuwa na mapigano Mlali. Je, unapafahamu Mlali? Ukitoka Mikumi kwenda Morogoro, unapita mbuga ya wanyama, halafu Doma na Melela. Karibu na Mzumbe njia inakata kwenda Mlali, chini ya milima ya Uluguru.

Tarehe 24 Agosti 1916, Kapteni William Bloomfield na askari wake walishambuliwa vikali huko. Yeye alizaliwa Uskoti, akapigana katika jeshi la Afrika Kusini. Adui walianza kuwazunguka. Kapteni aliwaondoa majeruhi kwanza, kisha akarudi nyuma na watu wake. Walipofika mahali papya, waliona kwamba mmoja amesahauliwa. Alikuwa Koplo Bowker, naye alikuwa amejeruhiwa.

Kumfikia kulikuwa na uwanja mtupu wa karibu mita 365. Hapakuwa na mahali pa kujificha, na risasi zilikuwa nyingi. Kapteni alikwenda mwenyewe. Alimbeba koplo, akarudi naye. Kwa tendo hilo alipewa Msalaba wa Victoria.

Huo ulikuwa ushujaa wa kweli. Mtu aliyeweka maisha yake hatarini kwa ajili ya mwenzake anastahili heshima, awe wa taifa lolote.

3. Je, watu wetu walikuwa wapi?

Watu wetu walikuwamo katika vita vile, tena pande zote mbili. Wengine walikuwa askari wa Wajerumani. Wengine walikuwa askari wa Waingereza katika jeshi la KAR, ambalo wazee waliliita Keya. Lakini walio wengi walikuwa wapagazi.

Kwa nini wapagazi walihitajiwa? Katika sehemu nyingi hapakuwa na barabara za magari. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Kwa hiyo chakula, risasi na dawa vilichukuliwa kichwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini. Walipata chakula kidogo, wakaugua malaria na kuhara damu. Inakadiriwa kwamba wapagazi karibu 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Hakuna hata askari mmoja Mwafrika wa KAR aliyepewa Msalaba wa Victoria katika vita vile. Wachache walipewa nishani za chini yake. Sheria ilisema cheo hakitazamwi, lakini wakati wa ukoloni rangi ilitazamwa.

4. Mashujaa wanakumbukwaje?

Kati ya miaka 2014 na 2018, Uingereza iliweka mawe ya ukumbusho kwa ajili ya watu waliopata nishani hiyo katika vita vile. Jiwe liliwekwa mahali alipozaliwa mtu, na jina lake likaandikwa.

Sisi tunayo Sanamu ya Askari, Dar es Salaam. Ilisimamishwa mwaka 1927. Inawakumbuka askari na wapagazi kwa maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Lakini haina majina yao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu 116,000 au zaidi, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina.

Tanzania huwakumbuka mashujaa wake kila tarehe 25 Julai. Siku hiyo mkuki na ngao huwekwa penye mnara. Miongoni mwa wanaokumbukwa ni askari waliokufa katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

5. Kazi yako

Ndugu msomaji, majina ya wapagazi yalipotea kwa sababu hayakuandikwa. Sasa wewe unajua kuandika. Fanya hivi:

Chukua daftari. Nenda kwa wazee walioshiriki vita, au kwa watoto na wajukuu wao. Omba ruhusa kwanza. Andika jina la mtu, kijiji chake, vita alivyopigana, na kazi aliyofanya. Usiwasahau wapishi, madereva na wachukuzi. Kama mtu alikufa, andika mahali alipozikwa. Uliza watu wawili au watatu, ili habari ziwe za kweli.

Kama kuna nishani nyumbani, usiisugue kwa mchanga wala majivu. Ifute kwa kitambaa kikavu. Iweke pamoja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nishani isiyo na jina ni shaba tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu ndiyo mali yetu kubwa.

MASWALI

1. Kapteni Bloomfield alifanya nini Mlali?
2. Kwa nini wapagazi walihitajiwa sana?
3. Kwa nini majina ya wapagazi wengi hayajulikani?
4. Zungumzeni darasani: Ni nani wa kijiji chetu aliyekwenda vitani? Andikeni majina yao ubaoni, kisha yaandikeni katika daftari la darasa.