KIPANDAUSO: SI UVIVU, WALA SI KUROGWA

Jumapili asubuhi. Watoto wamekwisha kuvaa nguo za kanisani na kengele ya kwanza imelia, lakini mama yuko kitandani, amejifunga khanga kichwani. Mwanga unamchoma macho, redio inamkera, na harufu ya vitunguu kutoka jikoni inamtia kichefuchefu. Jumanne ni mzima, yuko shambani anapalilia. Basi wengine husema anajisingizia. Wengine hunong'ona kwamba ametupiwa kitu.

Ndugu msomaji, huenda mama huyo yumo nyumbani mwako. Ugonjwa wake unaitwa kipandauso, nao ni ugonjwa wa kweli wa ubongo na mishipa ya fahamu. Duniani humpata karibu mtu mmoja katika kila watu saba, na wanawake wanaougua ni karibu mara tatu ya wanaume. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo.

Dalili zake

Kichwa hupwita, mara nyingi upande mmoja, kwa muda wa saa 4 hadi siku 3. Mgonjwa hutapika au huchafukwa na roho, naye hutafuta giza na ukimya. Baadhi ya wagonjwa kwanza huona vimulimuli au mistari inayometameta, au huhisi ganzi ikipanda polepole kutoka mkononi hadi usoni. Dalili hizo hudumu dakika 5 hadi 60.

Ni nini huuamsha?

Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi mabadiliko. Huchokozwa na njaa, upungufu wa maji, usingizi mchache au wa kupita kiasi, jua kali, moshi, manukato makali, pombe, hedhi na mahangaiko. Hata kupumzika baada ya shughuli nzito kwaweza kuuamsha. Mara nyingi vichocheo viwili au vitatu hukutana.

Sasa mtazame tena mama yetu. Jumamosi alifua na kupiga pasi hadi usiku wa manane. Jumapili hakunywa chai aliyoizoea, akisubiri kwanza apokee Komunyo. Usingizi umepungua, chakula hakuna, chai hakuna. Je, ni ajabu kichwa kumpasuka siku hiyo hiyo? Tukumbuke kwamba mfungo wa kabla ya Komunyo ni wa saa moja tu, na maji na dawa haviuvunji. Tena wakati wa Kwaresima, mgonjwa halazimiki kufunga chakula. Azungumze na padre wake juu ya namna nyingine ya kujinyima.

Nunua daftari. Kila kichwa kinapouma andika tarehe, saa, ulichokula, ulivyolala, siku za hedhi na dawa uliyomeza. Baada ya miezi miwili au mitatu, daftari hilo litamsaidia sana daktari.

Undugu na magonjwa mengine

Wenye kifafa hupatwa na kipandauso zaidi kuliko watu wengine, na sonona nayo huandamana nacho mara nyingi. Hii haina maana kwamba kipandauso hugeuka kuwa kifafa.

Kuhusu kiharusi, wale wanaoona vimulimuli wana hatari iliyoongezeka kidogo. Hatari hiyo hukua kwa mwanamke anayevuta sigara au anayemeza vidonge vya kuzuia mimba vyenye homoni ya estrojeni. Amweleze daktari wazi. Kumbuka pia tofauti hii: ganzi ya kipandauso hutambaa polepole, bali kiharusi hupiga ghafla.

Tahadhari ya dawa

Meza dawa ya maumivu mapema, lakini usiifanye chakula cha kila siku. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, aweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa yenyewe. Wala usimeze dawa ya malaria bila kupimwa damu. Mashambulizi yakiwa ya mara kwa mara, daktari anazo dawa za kuyazuia. Mwenye pumu aseme mapema, maana baadhi yake hazimfai.

Nenda hospitali bila kukawia ikiwa:

- maumivu yamekuja ghafla kama radi, makali kuliko yote uliyowahi kupata;
- kuna homa na shingo kukakamaa;
- mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki;
- mgonjwa ameanguka degedege au amechanganyikiwa;
- mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, anaumwa sana kichwa au haoni vizuri. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba;
- maumivu yamemwanza mtu aliyepita miaka 50, au yamemjia baada ya kuumia kichwa.

Na wewe baba, Jumapili ijayo mama akishindwa kuinuka, funga pazia, mpe maji na dawa yake, zima redio, uwapeleke watoto Misa. Jumamosi jioni, pasi ishike wewe.