Jaji Aliyetoka Upande wa Mshtakiwa

Mwaka 1963, katika shauri la Clarence Gideon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mshtakiwa maskini wa kosa kubwa apewe wakili na serikali. Ilipita miaka 59 kabla ya mtu aliyeajiriwa kwa utetezi huo, Ketanji Brown Jackson, kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Waendesha mashtaka walikwisha kuketi humo zamani. Baadhi ya maseneta walimlaumu kwa kuwatetea wafungwa wa Guantánamo. Sisi twaiona lawama hiyo kuwa dhaifu. Walawi 19:15 humkataza mwamuzi kumpendelea maskini, na mkubwa vilevile. Lakini huruma si upendeleo. Jackson alieleza kwamba wateja wake wengi hawakuelewa yaliyowapata mahakamani. Kwa hiyo, alipokuwa jaji wa wilaya, alijitahidi kuwafafanulia washtakiwa hatua za shauri na sababu ya adhabu.