Foleni Iliyojificha Ndani ya Chipu ya WiFi

Mtu mmoja nyumbani akianza kupakia video mtandaoni, mwenzake anayezungumza kwa simu ya intaneti husikia sauti ikikatika. Lawama zote humwendea mtoa huduma. Lakini wakati mwingine kosa limo ndani ya kifaa chenyewe, pale kiendeshi cha WiFi kinapoikabidhi data programu dhibiti ya chipu.

Kiendeshi hukaa kwenye mfumo mkuu, tuseme Linux. Programu dhibiti hukaa ndani ya chipu na ndiyo inayorusha pakiti hewani. Kumbukumbu yake ni finyu, hewa inagombewa na majirani, na simu iliyolala kuokoa betri haipokei kitu mpaka iamke. Ndiyo maana kiendeshi cha brcmfmac, cha chipu za Broadcom, kina utaratibu wa mikopo: kila pakiti inayotumwa hula mkopo, na mikopo ikiisha kiendeshi kinasubiri. Simu moja ikilala, foleni yake pekee ndiyo inayofungwa.

Hata hivyo, kusubiri hakutoshi ikiwa chipu inasema "basi" ikiwa imeshashiba kupita kiasi. Mbinu ya FQ-CoDel, iliyochapishwa kama RFC 8290 mwaka 2018, hupanga foleni kwa haki, lakini haiwezi kupanga pakiti ambazo zimekwisha kumezwa na chipu.

Kuhesabu pakiti nako kunapotosha. Pakiti ya baiti 1,500 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua milisekunde 12 hewani. Kwa megabiti 600 huchukua mikrosekunde 20 tu, ukiacha muda wa maandalizi. Kwa hiyo pakiti 100 zinaweza kuwa zaidi ya sekunde nzima, au milisekunde 2. Kinachofaa kupimwa ni muda wa hewani, na hilo ndilo lililoingizwa katika Linux kwa jina la AQL, kazi iliyoandikwa mwaka 2019 na Kan Yan wa Google. Kwa kawaida kila kifaa huruhusiwa kuwa na kazi ya milisekunde 5 ndani ya chipu, au 12 pakiwa hakuna msongamano.

Kwangu mimi, mtengenezaji anayejisifu kwa megabiti huku akificha foleni ya chipu yake anamdhulumu mnunuzi. Kabla ya kununua ruta nyingine, pima ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, wakati mtu anapakia faili kubwa. Ikipanda hadi mamia ya milisekunde, unganisha kompyuta kwa waya na upime tena: ikishuka, anayestahili lawama ni WiFi yako.