Kwa nini 90 toa 0.119 ilinidanganya

Nilikuwa naandika programu ya kukadiria mwanga wa jua unaoangukia paneli iliyolazwa bapa juu ya paa, Dar es Salaam, saa sita mchana, siku ambayo jua liko sawasawa juu ya ikweta (Machi 20 hivi). Jibu likatoka 0.941. Nikaliamini wiki nzima. Jibu sahihi ni 0.993. Kosa lenyewe ni la sekondari kabisa, na huenda hata wewe unalo kwenye faili lako sasa hivi.

Unakumbuka: pembe mbili zikijumlishwa zikafika nyuzi 90, zinakamilisha pembe mraba. Zikifika 180, zinakamilisha mstari ulionyooka. Radiani haibadilishi wazo hili, inabadilisha kipimo tu. Chukua uzi wenye urefu sawa na nusu kipenyo cha duara, ulaze juu ya mzingo. Pembe inayozibwa na uzi huo ni radiani 1, kama nyuzi 57.3 hivi. Nusu duara inameza nyuzi za kushonea (samahani, Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili!) 3.14, yaani π. Basi mstari ulionyooka ni π, na pembe mraba ni π/2.

Kwa hiyo mwenzake π/5 kwenye pembe mraba ni π/2 − π/5 = 3π/10, na kwenye mstari ni 4π/5. Hesabu za sehemu tu. Shida huja π isipoonekana. Ukipewa radiani 1.2, wengi wetu tunakimbilia 90 − 1.2. Hapana: ni 1.571 − 1.2 = 0.371.

Ndicho nilichofanya. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, sawa na radiani 0.119. Siku hiyo, pembe ya jua kutoka upeo wa macho ndiyo inayokamilisha 0.119 kufikia pembe mraba: 1.571 − 0.119 = 1.452. Saini yake, ile sin ya kwenye kalkuleta, ni 0.993. Mimi niliandika 90 − 0.119, na kompyuta, bila kulalamika, ikazungusha radiani 89.881 mara 14 kwenye duara, zikabaki 1.917. Saini yake ni 0.941. Ingetoka hasi ningeshtuka.

Kuna kitu kingine hapo. Nilipoigeuza 0.941 kuwa pembe ili nihakiki, kompyuta ilinipa 1.225, wala si 1.917. Zijumlishe: 3.142. Pembe mbili zinazokamilishana kufikia π zina saini moja, na kompyuta hukurudishia ile ndogo. Uhakiki wangu ukawa umenificha kosa.

Na sikuhitaji hata kutoa. Kosaini, jina lililoanzia kwa Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620, maana yake ni saini ya pembe inayokamilisha. Ningeandika cos(0.119), ningelala mapema.