Wananchi Waliouokoa Msitu wa Karura

Karibu kila kijiji kina mahali pa watu wote. Pengine ni uwanja wa mpira. Pengine ni chemchemi, malisho au msitu mdogo. Mahali hapo hapana mlango wala kufuli. Basi mtu mwenye tamaa huweza kusema, "Hapa hapana mwenyewe." Je, wananchi wafanye nini? Tusome habari za watu wa Nairobi, nchini Kenya.

Msitu ndani ya jiji

Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini wa jiji la Nairobi. Ukubwa wake ni karibu hekta 1,000, yaani kama ekari 2,500. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani yake mna mito, mapango na maporomoko ya maji. Miti yake huleta kivuli. Mizizi hushika udongo ili mvua isiuchukue.

Upande mmoja wa msitu wanakaa matajiri wenye nyumba kubwa. Upande mwingine wako maskini, kama wakazi wa mabanda ya Huruma. Wote ni majirani wa msitu mmoja.

Hatari ya kwanza: kunyang'anywa

Katika miaka ya 1990, sehemu za msitu zilikatwa viwanja. Watu binafsi waligawiwa viwanja hivyo kwa siri. Mwaka 1998 wananchi wakapata habari. Wakati huo miti ilikuwa imeanza kukatwa.

Mama mmoja, Wangari Maathai, aliwaongoza watu kupinga jambo hilo. Yeye alikuwa ameanzisha chama cha kupanda miti mwaka 1977. Tarehe 8 Januari 1999, yeye na wenzake walikwenda Karura kupanda miche. Walinzi waliokodiwa wakawapiga. Mama Wangari alijeruhiwa kichwani, akatoka damu.

Habari hizo zilienea dunia nzima. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana. Mwezi wa Agosti 1999, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Sehemu kubwa ya msitu ikapona.

Hatari ya pili: kuachwa

Hata hivyo, kazi haikuisha. Wezi walijificha msituni. Wapita njia waliporwa. Watu wema wakaogopa kuingia. Mahali pasipotumiwa na watu wema, wabaya hupafanya kwao.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu majirani kuunda jumuiya. Jumuiya hiyo ingeshirikiana na serikali kuutunza msitu. Majirani wa Karura wakaunda Jumuiya ya Marafiki wa Msitu wa Karura. Tazama kazi walizofanya:

1. Walichangisha fedha, ukajengwa uzio wa umeme.
2. Vijana wa Huruma walifundishwa, wakaajiriwa kuwa walinzi. Hivyo maskini nao walipata faida.
3. Walitengeneza njia za kutembea na za baiskeli.
4. Walipanda miti ya asili mahali pa mikalitusi.
5. Wageni walitozwa kiingilio, na fedha hizo zikasaidia kuutunza msitu.

Mwaka 2011 msitu ulifunguliwa kwa watu wote. Wazee, akina mama na watoto wakaanza kutembea humo bila hofu. Wingi wao nao ukawa ulinzi.

Mwaka 2025 palitokea mvutano kati ya jumuiya na serikali kuhusu njia ya kulipia viingilio. Kwa hiyo tusidhani kwamba mambo yakitengenezwa mara moja yametengenezwa milele. Fedha za pamoja zahitaji makubaliano yaliyoandikwa na hesabu iliyo wazi.

Mafunzo kwetu

Kumbuka kwamba Karura haikuanza kuliwa kwa shoka. Ilianza kuliwa kwa karatasi. Viwanja viligawiwa katika maandishi ambayo wananchi hawakuyaona.

Wewe sasa umejua kusoma na kuandika. Uliza mipaka ya eneo la wote katika kijiji chenu imeandikwa wapi. Omba kuiona ramani. Katika mkutano wa kijiji, hakikisha maamuzi yanaandikwa na kusomwa mbele ya wote. Kisha mgawane kazi: nani atafyeka, nani atapanda miti, nani atatunza fedha.

Mlinzi wa mali ya wote ni wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mwaka 1999 watu walikwenda Karura kufanya nini?
2. Kwa nini msitu haukuwa salama hata baada ya kuokolewa?
3. Kwa nini ilifaa vijana wa Huruma wapewe kazi?
4. Taja mahali pa watu wote katika kijiji chako. Ni nani anayepatunza?
5. Andika mambo matatu mnayoweza kufanya mwaka huu ili kupatengeneza.