Galaksi Hafifu na Mashaka ya Uvutano

Kwa muda mrefu wanafalaki walishughulikia galaksi zing'aazo, kwa kuwa ndizo zionekanazo kwa urahisi. Zile hafifu, ambazo nyota zake zimetapakaa hata mwanga wake hauonekani ila kwa taabu, ziliachwa kando kama yatima. Leo hizo ndizo zinazowatoa wataalamu jasho.

Kisa ni hiki. Katika miaka ya 1970 Bi. Vera Rubin wa Marekani alikuta kwamba nyota na gesi zilizo pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi kubwa mno, isiyolingana na maada tuionayo. Zingestahili kutawanyika, lakini hazitawanyiki. Wengi wakakata shauri kwamba ipo maada ya giza inayozishika. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli akanena kinyume: hakuna kilichofichika, ila kanuni ya Newton, hii tuliyokaririshwa shuleni, hubadilika pale uvutano unapokuwa mdogo sana.

Galaksi hafifu ndizo mizani ya ugomvi huu, maana humo uvutano ni mdogo tangu kitovuni. Milgrom alitabiri kwamba zitazidi zile zing'aazo kwa tofauti hiyo, na vipimo vya baadaye vikamwunga mkono. Tena, ukijua jumla ya nyota na gesi za galaksi inayozunguka, iwe hafifu au ing'aayo, waweza kukisia kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, maada hiyo huwa kama mara 16. Ikiwa maada ya giza ndiyo bwana mkubwa, mbona hii ya kawaida, iliyo chache, ndiyo itoayo amri? Sijaona bado jibu la kuniridhisha.

Hata hivyo, wafuasi wa Milgrom wasipige vigelegele mapema. Mwaka 2018 Pieter van Dokkum na wenzake walitangaza kuwa galaksi hafifu iitwayo NGC 1052-DF2 ina maada ya giza kidogo mno, au haina kabisa. Kanuni ya uvutano ikibadilika, yafaa ibadilike kila mahali! Wafuasi hao hujibu kuwa galaksi kubwa iliyo jirani huvuruga hesabu. Wengine walidai kwamba umbali wake ni miaka-nuru milioni 42 tu. Darubini ya Hubble, mwaka 2021, ikaonyesha takriban milioni 72. Yafaa tukumbuke pia kwamba hukumu ile ya 2018 iliegemea mwendo wa makundi 10 tu ya nyota, ingawa vipimo vya nyota zenyewe, mwaka 2019, havikuipindua.