Kaburi lipo, kichwa hakipo: Filamu inayofuata mafuvu ya Watanzania hadi Ujerumani

Mji wa Songea umebeba jina la mtu. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, aliuawa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kushiriki Vita vya Majimaji. Ukoo wake unasema alizikwa bila kichwa. Kichwa kilisafirishwa kwenda Ujerumani.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, familia bado inakitafuta. Safari hiyo ndiyo kiini cha The Empty Grave, dokumentari iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay na Mjerumani Agnes Lisa Wegner, na kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2024.

Filamu inahusu nini?

Inafuata familia mbili. Kusini kuna mwanasheria John Mbano na mkewe Cesilia Mollel, wanaomtafuta Songea. Kaskazini kuna ukoo wa Kaaya wa Meru, unaomtafuta Mangi Lobulu, aliyenyongwa mwaka 1900.

Kwao hii si ishu ya makumbusho tu. Ni msiba ambao haujaisha, maana marehemu hajazikwa akiwa kamili.

Mafuvu yalichukuliwa ya nini?

Enzi hizo wanasayansi wa Ulaya walipima mafuvu wakitaka kuthibitisha kwamba kuna watu bora kuliko wengine. Sayansi hiyo ilikuwa ya uongo, lakini mafuvu yalikuwa ya watu kweli. Maofisa na madaktari wa kikoloni waliyakusanya makaburini na kwenye sehemu za kunyongea watu, wakayatuma Berlin na kwingineko.

Mbona hayarudi?

Kwanza, mengi hayana majina. Kumbukumbu nyingine zinataja eneo tu, na nyingine zimepotea.

Pili, vipimo vya vinasaba vinahitaji ndugu walio hai wa kulinganisha nao. Inawezekana, ila ni kazi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kati ya mafuvu 1,135 waliyoyachunguza kutoka Afrika Mashariki, baadhi yalihusishwa na eneo ambalo leo ni Tanzania. Fuvu moja lilioana kabisa na vinasaba vya ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Wachagga.

Tatu, familia haiwezi kwenda kubeba tu. Lazima serikali mbili zikubaliane, na hapo mambo huenda polepole.

Kumbe msamaha uliombwa?

Ndiyo. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akakutana na wazao wa Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu, ingawa hakuweza kuahidi kwamba litapatikana.

Hapo ndipo dokumentari inafanya kile ambacho habari ya siku moja haiwezi. Hotuba ya rais huisha na msafara ukaondoka. Kamera inabaki na familia, ambayo kesho yake inaendelea kusubiri.

Kila Februari 27, Songea hukumbuka mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Filamu ilipotoka, fuvu la nduna lilikuwa bado halijapatikana.